Kabla Hujasaini Daftari la Mahudhurio

Katika vikao vya ushirikishwaji, daftari la mahudhurio hutangulia maelezo. Unafika uwanja wa shule au ofisi ya kijiji, unaandika jina, kitongoji na namba ya simu, unasaini, unatafuta pa kukaa. Baadaye majina hayo huwa kiambatisho mwishoni mwa ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, na ofisa anayeifungua Dodoma anaona safu ndefu ya wanakijiji walioshirikishwa. Haoni kwamba maelezo ya wataalamu yalichukua saa mbili na maswali ya wananchi yakapewa dakika kumi. Haoni kwamba ramani iliyotundikwa ukutani haikuwa na jina la kitongoji chako, wala kwamba wavuvi wote walikuwa wamelala baada ya kukesha ziwani.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Kyela na wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuanzia mdomo wa Mto Songwe hadi Itungi, Matema na Ikombe, ambaye mradi mkubwa unamjia na anaona kwamba anaulizwa maoni kwa kutimiza wajibu tu. Ninachotaka ukishike ni kwamba ushirikishwaji mbovu hupingwa kwa maandishi na tarehe, na maandishi hayo unaanza kuyakusanya siku ya tangazo la kwanza. Ukisubiri bikoni zipandwe, utakuwa na hasira ya haki mkononi na hutakuwa na ushahidi.

Tuanze na mradi uliozungumzwa muda mrefu kuliko yote katika eneo hili, Mpango wa Kuendeleza Bonde la Mto Songwe. Tanzania na Malawi zimeuandaa kwa pamoja kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2017 nchi hizo zilisaini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde, makao yake yakiwa Kyela. Kiini chake ni Bwawa la Songwe Chini, lililosanifiwa kuzalisha umeme wa takriban megawati 180, pamoja na kilimo cha umwagiliaji cha zaidi ya hekta 6,000 pande zote mbili za mto na udhibiti wa mafuriko. Faida zake si porojo. Aliyewahi kuona Songwe ikihama na kuacha shamba lake ng'ambo ya mpaka, maana mto huo ndio mpaka wenyewe, anajua kwa nini watu wanautaka udhibitiwe. Lakini bwawa linagusa watu kwa namna tofauti. Anayeishi patakapojaa maji atahamishwa. Anayelima mpunga bondeni atapata maji ya ratiba badala ya maji ya msimu. Mvuvi wa mbasa yuko mbali na ukuta wa bwawa, na bado samaki wake hupanda mitoni kutaga mayai. Hawa watatu hawawezi kuwakilishwa na kikao kimoja kilichofanyika Ileje.

Haya yanahusu pia upanuzi wa bandari za ziwa hili, machimbo ya makaa ya mawe kwenye vilima vya Kiwira na Kabulo, hoteli za ufukweni Matema na barabara zinazopanuliwa. Taratibu za kisheria ni zilezile.

Sheria inakupa nini

Sema ukweli kwa wenzako tangu mwanzo, maana wengi huvunjika moyo baada ya kuahidiwa makubwa. Kwa sehemu kubwa sheria ya Tanzania inakupa haki ya kupewa taarifa na kusikilizwa. Haikupi kura ya turufu juu ya kila mradi. Serikali inaweza kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, mradi ilipe fidia. Hata hivyo haki ya kusikilizwa ina meno yake ukijua pa kuuma.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 178, inasema umma una haki ya kuarifiwa kwa wakati kuhusu maamuzi yanayogusa mazingira na kuhusu nafasi za kushiriki. Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2005, zilizorekebishwa 2018, zinaingia ndani zaidi. Kanuni ya 17 inamtaka mwenye mradi atafute maoni ya yeyote anayeathirika au anayeweza kuathirika. Abandike matangazo mahali pa wazi jirani na eneo la mradi. Atangaze kwenye gazeti linalofika nchi nzima kwa wiki mbili mfululizo, na kwenye redio inayosikika nchi nzima walau mara moja kwa wiki katika wiki hizo mbili. Pale mikutano inapofaa, taarifa yake itolewe angalau wiki moja kabla, na mahali na saa viwe vinavyowafaa walioathirika. Awepo mratibu mwenye sifa wa kupokea na kurekodi maoni, yaliyosemwa na yaliyoandikwa, pamoja na tafsiri zake.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho. Bibi wa Ngana au Katumba Songwe anayejieleza kwa Kinyakyusa, kisha maneno yake yakaandikwa kwa Kiswahili katika mstari mmoja usemao "aliuliza kuhusu fidia", ana haki ya kudai alichokisema kiandikwe kama alivyokisema. Na kumpata mkalimani ni jambo la nusu saa. Asiwepo mtu wa kukuambia haiwezekani.

Kanuni hizo pia zinataka ripoti iwe na muhtasari unaojitegemea, ulioandikwa kwa lugha isiyo ya kitaalamu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Muhtasari huo ndio hati ya kwanza ya kuomba. Ripoti nzima huwa ya mamia ya kurasa na sehemu kubwa ni ya Kiingereza, lakini muhtasari unasomeka jioni moja, na ndani yake utaona kama kijiji chako kimetajwa, kama mto wako umetajwa, kama uvuvi umetajwa.

Kuna sheria nyingine mbili za kuweka kwenye jalada. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 4, inahusu ardhi ya kijiji inayotakiwa kuhamishwa iwe ya kundi jingine: eneo likiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa, likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri anaamua. Kwa hiyo swali la ukubwa wa eneo lisiachwe hewani hata siku moja. Uliza hekta ngapi, kwa ramani ipi, na kama eneo limegawanywa vipandevipande, uliza kwa nini. Nyingine ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa ofisa wa umma siku 30 kujibu ombi lako la maandishi.

Kabla ya kikao

Tangazo likibandikwa, lipige picha likiwa palepale ukutani, na ndani ya picha pia kitu kinachotambulisha mahali, kwa mfano kibao cha ofisi. Siku hiyohiyo andika kwenye daftari umeliona lini na nani alikuwepo. Kama tangazo lilitoka kwa mdomo wa mjumbe jioni kabla ya kikao, andika hivyohivyo, ukitaja saa. Ufupi wa muda kati ya taarifa na kikao ndio kosa rahisi kuthibitisha kuliko yote, na mara nyingi ndilo linalofanyika.

Kisha angalia kalenda ya maisha yenu. Masika ya Kyela, hasa Aprili, hufunga njia. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zikijaa, kuna vitongoji ambavyo mtu hatoki. Wakati wa kuvuna mpunga mama hana nafasi ya kushinda uwanjani. Wavuvi wa usipa hutoka usiku wa giza na kulala mchana, kwa hiyo kikao cha saa nne asubuhi katika wiki ya giza kimewaacha nje hata kama kimefanyika mwaloni kwao. Mwandikieni Mtendaji wa Kijiji mapema, nakala kwa mwenye mradi na kwa NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), mkieleza kwa nini siku hiyo haifai na mkipendekeza siku tatu nyingine. Barua hiyo ina kazi mbili. Wakibadilisha siku, mmepata kikao bora. Wakikataa, mna ushahidi kwamba walijua.

Ombeni pia hati kabla ya kikao: muhtasari wa Kiswahili, ramani yenye majina ya vitongoji, na hadidu za rejea za tathmini. Mtu hawezi kutoa maoni juu ya kitu ambacho hajakiona. Hili limewahi kuamuliwa karibu nasi, na linastahili kuelezwa kwa kirefu.

Lamu, Kenya, kampuni ya Amu Power ilipanga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya ikatoa leseni. Wakazi, kupitia muungano wao wa Save Lamu, wakakata rufaa kwenye Baraza la Taifa la Mazingira la Kenya. Kulikuwa na vikao, na picha za vikao, na majina. Tarehe 26 Juni 2019 baraza likafuta leseni. Moja ya sababu kubwa ni kwamba vikao vilivyotajwa vilikuwa vya kuutambulisha mradi, vilifanyika kabla utafiti haujakamilika, na matokeo yalipopatikana hayakurudishwa ipasavyo kwa watu ili wayajadili. Kanuni ya Kenya iliyotumika inafanana mno na kanuni yetu ya 17. Hukumu ya Kenya haiwafungi majaji wa Mbeya, lakini wakili anaweza kuiweka mezani, na nyinyi mnaweza kuitumia hata bila wakili kwa kuuliza swali moja kikaoni: leo mmetuletea matokeo ya utafiti, au mmekuja kututambulisha mradi? Jibu lao, vyovyote litakavyokuwa, liandikeni neno kwa neno.

Ndani ya kikao

Sasa daftari la mahudhurio. Saini, maana ukikataa utahesabiwa hukuwepo. Lakini kabla ya kusaini soma kichwa cha karatasi. Kikisema "Mahudhurio", vema. Kikisema "wananchi waliokubali" au hakina kichwa kabisa, usisaini mpaka kiandikwe sawasawa, na wewe mwenyewe uandike pembeni ya jina lako "nimehudhuria tu". Piga picha ya ukurasa huo. Karatasi ya posho ya nauli au ya soda iwe tofauti na daftari, wala zisichanganywe.

Chagueni waandishi wawili wa kwenu kabla ya kikao kuanza, mmoja mwanamke. Walimu wastaafu na makatibu wa vyama vya ushirika (AMCOS) vya kakao wanaifanya kazi hii vizuri, wamezoea vitabu. Wao waandike saa ya kuanza, nani aliongea, kila swali na jibu lake, nani alinyanyua mkono asipewe nafasi, na saa ya kufunga. Mwisho wa kikao muhtasari wao usomwe kwa sauti, usainiwe na mashuhuda, na nakala apewe Mtendaji siku hiyohiyo. Mkiusoma mbele ya umati hakuna atakayedai baadaye kwamba mliutunga nyumbani.

Maswali yenu yawe ya vipimo. "Mradi utatuathiri vipi?" hujibiwa kwa hotuba. Ulizeni maji yatafika kwenye alama ipi siku ya ujazo wa juu. Ulizeni kiangazi mto utaachiwa maji kiasi gani, na nani atakayeamua kufungua milango usiku wa mvua. Kama ni bwawa, ulizeni mbasa atapita wapi, na mtaalamu gani wa samaki aliyeshiriki katika utafiti. Ulizeni tope linaloletwa na mafuriko na kurutubisha mashamba ya mpunga litabaki wapi. Kama ni mgodi, ulizeni maji yake machafu yanamwagwa mto upi, na nani atakayeyapima. Kwa wakazi wa ziwa hili, swali la mgodi si la kinadharia: mgodi wa urani wa Kayelekera wilayani Karonga, Malawi, ulioanza uzalishaji mwaka 2009, uko katika bonde linalomwaga maji ziwa hilihili. Mwaka 2007 mashirika ya kiraia ya Malawi yaliupeleka mradi huo mahakamani, na shauri likamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama.

Swali lisilojibiwa lina thamani kuliko jibu zuri. Liwekeni kwenye orodha yenye namba, mkaombe jibu la maandishi kwa tarehe mnayoitaja.

Na heshima iwepo. Mkuu wa wilaya, diwani, mwenyekiti wa kitongoji, mtaalamu elekezi aliyetumwa kukusanya maoni, wote hao mtawahitaji kesho. Kikao kikivunjika kwa vurugu, ripoti itaandika vurugu na maswali yenu yatapotea. Vivyo hivyo msing'oe bikoni wala kufuta alama za X zilizochorwa kwenye nyumba. Ni kosa la jinai, na litahamisha mazungumzo kutoka kwenye kosa la mradi hadi kwenye kosa lenu.

Nani hakuitwa

Hapa ndipo mara nyingi pingamizi huwa na nguvu, na hapa ndipo vijiji vyenyewe huzembea, kwa sababu walioachwa nje mara nyingi ni wanyonge wetu sisi wenyewe.

Kaeni na ramani mkafuate maji, kutoka chanzo mpaka ziwani, mkiorodhesha kila anayeyategemea. Mtakutana na mvuvi wa mdomo wa mto ambaye yuko kilomita nyingi kutoka eneo la mradi na hakuna aliyemfikiria. Uongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) wa mwalo wake uandike barua yake wenyewe. Mtakutana na aliyekodi shamba la mpunga kwa msimu: mwenye shamba ataitwa, aliyekodi hataitwa, na jasho lililomo ni la aliyekodi. Mtakutana na wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, wanawake ambao vyungu vyao huuzwa kwenye soko la Lyulilo karibu na Matema na kusambaa mbali. Mradi wa ufukweni ukichukua machimbo yao ya udongo au njia ya mitumbwi yao, umechukua riziki ambayo haionekani kwenye hati yoyote ya ardhi.

Wanawake walioolewa wanahitaji neno la pekee. Mila ya kwetu huandika shamba kwa jina la baba, na mtu wa tathmini akifika huuliza "mwenye shamba yuko wapi?" Sheria ya Ardhi ya Vijiji inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na inabatilisha mila inayomnyima. Kina mama wakutane peke yao kabla ya kikao kikubwa, waandike maoni yao kama kundi, wayawasilishe kama hati. Nimekaa kwenye vikao ambapo wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume na muhtasari rasmi haukuwa na sentensi moja yao. Ukiwa kiongozi wa kitongoji unayesoma haya, kuzuia hilo kuko mikononi mwako, kabla hata hujamlaumu mwekezaji.

Ng'ambo ya mto pia kuna watu. Mradi wa Songwe ni wa nchi mbili, na yanayosemwa Karonga na Chitipa yanawahusu. Mna ndugu kule, mnaozikana na kuoana. Ombeni wawasomee waliyoelezwa wao, mlinganishe tarehe, ramani na ahadi. Mkigundua kwamba upande mmoja umeambiwa jambo ambalo mwingine haukuambiwa, hilo ni swali la kupeleka kwa kamisheni yenyewe, kwa maandishi.

Barua ya pingamizi

Msiandike kurasa kumi. Ofisa atakayeipokea anataka kuona kosa gani lilifanyika, lini, na mnataka nini. Mfano huu unatosha kuanzia, jazeni na mbadilishe:

"Sisi wakazi wa kitongoji cha ____, kijiji cha ____, kata ya ____, tunawasilisha pingamizi kuhusu namna ushirikishwaji ulivyofanyika katika mradi wa ____. Kikao kilifanyika tarehe ____. Taarifa ilitufikia tarehe ____ kwa njia ya ____. Muhtasari wa ripoti kwa Kiswahili tuliuomba tarehe ____ na hatukupewa. Makundi yafuatayo hayakuitwa: ____. Maswali yafuatayo yaliulizwa na hayakujibiwa: ____. Kusaini kwetu daftari la mahudhurio kulithibitisha kufika kwetu tu. Tunaomba kikao kirudiwe baada ya ripoti kuwekwa ofisi ya kijiji kwa muda usiopungua siku ____, na barua hii iambatishwe kwenye ripoti kabla uamuzi wowote haujafanywa."

Ambatisheni muhtasari wenu, picha ya tangazo, picha ya daftari na orodha ya maswali. Pelekeni ofisi ya NEMC ya kanda iliyoko Mbeya, kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, na kwa mwenye mradi. Kama mradi unachukua maji ya mto, nakala iende Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa iliyoko Tukuyu, kwa sababu kibali cha kutumia maji ni uamuzi wa peke yake wenye mlango wake. Kila mnapopeleka, nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mkiambiwa mwenye mhuri hayupo, rudini kesho. Barua isiyo na mhuri itaambiwa haikufika.

Nakala halisi zisikae nyumba moja. Nyumba za Kyela huingiliwa na maji.

Fidia isiwazibe mdomo

Mara nyingi mthamini hufika wakati ushirikishwaji haujaisha, na ghafla kijiji kizima kinazungumzia mche wa kakao ni shilingi ngapi. Mazungumzo ya bei huua mazungumzo ya mradi. Yatenganisheni kwa makusudi. Ruhusuni hesabu ifanyike, maana asiyehesabiwa hulipwa kwa shida, lakini fomu ikisainiwa iandikwe kwamba sahihi inathibitisha idadi ya mimea na majengo, na kwamba pingamizi la tarehe fulani bado liko hai.

Hesabuni wenyewe kwanza. Kila mche wa kakao, kila shina la mgomba, mwembe, mchikichi, kaburi, kisima, pigeni picha mkiwa na mume na mke ndani ya picha. Fidia kamili kwa kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 haiishii kwenye thamani ya ardhi na maendelezo: ina posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu tathmini kuidhinishwa, ikichelewa iongezwe riba, na ikipita miaka 2 bila malipo tathmini hiyo imekufa, ifanyike upya. Tarehe ya kuidhinishwa kwa tathmini iandikeni kwa kalamu isiyofutika.

Barua zikikosa majibu

Mkipuuzwa, kuna ngazi kadhaa, na kila moja ina saa yake inayohesabu.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila malipo. Sheria ya Mazingira imeunda Baraza la Rufaa la Mazingira kwa wasioridhika na maamuzi. Ili uamuzi wa chombo cha umma upitiwe upya na Mahakama Kuu, ombi la kibali lazima lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Kuishtaki Serikali kwa kesi ya madai kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza, na tangu marekebisho ya 2020 sharti hilo linagusa pia halmashauri, huku Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiunganishwa. Marekebisho ya mwaka huohuo yanamtaka anayefungua shauri la haki za kikatiba aonyeshe alivyoathirika yeye binafsi. Ndiyo maana majina kwenye shauri yanapaswa kuwa yenu, wakazi wenye mashamba na mitumbwi, na mashirika yawe nyuma yenu kama msaada.

Kwa watu wa Kyela Mahakama Kuu iko Mbeya, na ndiyo iliyosikiliza mwaka 2023 shauri la wananchi wanne waliopinga makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai. Miongoni mwa hoja zao ni kwamba umma haukupewa muda wa kutosha: mwaliko wa kutoa maoni ulitoka siku moja kabla ya kikao cha Bunge cha tarehe 6 Juni. Tarehe 10 Agosti 2023 majaji watatu walitupilia mbali shauri hilo. Mjue hilo kabla ya kuingia. Ufupi wa muda peke yake, bila kuonyesha nani alinyimwa kusema nini na jambo hilo lingebadilisha nini, ni msingi mwembamba.

Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ina muda mkali zaidi: miezi 2 tu. Mashirika manne yaliyopinga bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda hadi Tanga yalifungua shauri Novemba 2020, na tarehe 29 Novemba 2023 likatupwa kwa sababu lilifunguliwa kwa kuchelewa, hoja za mazingira na za wananchi hazikufikiwa. Kinyume chake, mahakama hiyohiyo mwaka 2014 ilizuia barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, katika shauri lililofunguliwa mwaka 2010, mapema kabla ya ujenzi.

Mlango mwingine uko kwa mkopeshaji. Maandalizi ya mradi wa Songwe yamewahi kugharimiwa kupitia Benki ya Maendeleo ya Afrika, na benki hiyo ina chombo huru cha kupokea malalamiko ya watu wawili au zaidi wanaoathirika na mradi inaoufadhili. Kwa hiyo katika kikao cha kwanza kabisa ulizeni: fedha zinatoka wapi? Jibu lake ndilo litakalowaonyesha pa kugonga.

Wakili akiwa ghali, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa huduma na wasaidizi wa kisheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, HakiArdhi na LEAT, shirika la wanasheria wa mazingira, wana uzoefu wa migogoro ya ardhi na mazingira. LEAT ndio waliosimama na wanakijiji wa delta ya Rufiji mwishoni mwa miaka ya 1990, pale mradi mkubwa wa ufugaji wa kamba ulipopitishwa na Baraza la Mawaziri licha ya NEMC kushauri ukataliwe. Wanakijiji walikwenda mahakamani, na mradi ule haukujengwa. Mkiwafuata wanasheria hao nendeni na jalada lenu likiwa limepangwa kwa tarehe, kuanzia picha ya tangazo ukutani hadi nakala ya mwisho yenye mhuri, na ukurasa mmoja mbele unaosema kila karatasi ni nini.